Sifa Isiyokuwa Yangu: Fikira juu ya Kiasi na Kisu cha Tabibu



Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliipita njia hiyo kwa muda wa miezi mitano, na makala haya ni maelezo ya mahali iliponifikisha. Siandiki ili nijitangaze, wala ili nimshawishi mtu yeyote aende hospitali au asiende. Naandika kwa sababu jambo lililonipata limezaa swali ambalo sisi walimu huliamua kila siku darasani pasipo kulitafakari: mtu astahili sifa kwa lipi, na astahili lawama kwa lipi?

Mwezi wa Novemba 2021 nilipasuliwa tumbo, nikaondolewa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili nipungue uzito. Nilipungua. Watu wakanisifu, nami nikazipokea sifa zao huku nikikificha kisu. Hilo ndilo shina la maneno yangu.

Maneno tunayowapimia watu

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, yafaa tuyatazame maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakimtazami mtu mnene kwa jicho moja. Mtoto aliyenenepa twasema amenawiri. Msafiri aliyerudi na mashavu twamwambia kwamba hewa ya huko imemkubali. Kukonda, kinyume chake, ni neno la huzuni. Mtu hukonda kwa maradhi, kwa mawazo au kwa dhiki, nasi humpa pole. Lakini lugha hiyo hiyo ina maneno ya ulafi na uroho, nayo huyatupa bila huruma. Mtu mwembamba akimaliza sahani mbili, twasema ana afya ya kula; mtu mnene akimaliza sahani hizo hizo, twasema ni mlafi. Kitendo ni kimoja. Kilichobadilika ni umbo la mtendaji.

Hukumu hii hubadilika pia kwa nchi na zama. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, katika ufalme wa Rumanika, alikuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa kwa makusudi ili wanenepe, kwa kuwa unene wao ulikuwa uzuri na heshima ya nyumba. Hapa kwetu Uganda jambo hili lina kovu lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalionekana katika wilaya ya Rakai maradhi ambayo baadaye tuliyajua kwa jina la UKIMWI. Watu waliyaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na Waganda hadi leo huyaita siriimu. Kwa hiyo, kwa watu wa rika la mama yangu, mtu anayepungua haraka si mtu aliyejitunza. Ni mtu ambaye ndugu zake waanze kuulizana kwa sauti ya chini.

Tuna pia neno kiasi. Neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja: kipimo cha kitu, na tabia ya mtu asiyepita kipimo. Mimi nilipewa kiasi kwa maana ya kwanza, nikajidai kwa watu kwamba ninacho kwa maana ya pili. Msomaji na alishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Jinsi nilivyofika kwenye kisu

Nilizaliwa Mbale mwaka 1971, chini ya Mlima Elgon. Nilikuwa na umri wa miaka tisa ilipotokea njaa kubwa ya Karamoja mwaka 1980. Mama yangu aliwaona kwa macho yake watu walioteremka kutoka huko wakitafuta chakula, akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayelala na tumbo tupu. Kiapo hicho alikitimiza. Kuacha chakula sahanini kulikuwa kosa kubwa nyumbani kwetu kuliko kuvunja sahani yenyewe. Silitaji jambo hili ili nimtwike mama mzigo wangu. Nalitaja kwa kuwa mapenzi na chakula vilinifikia katika chombo kimoja, na sikujifunza kuvitenganisha.

Nilipofikia umri wa miaka arobaini nilikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Mara tatu nilijaribu kupungua kwa kujinyima. Mara ya pili nilifanikiwa kupunguza kilo 14 kwa miezi saba. Mwaka uliofuata zilirudi kilo 17. Kila ziliporudi nilijiona mtu asiye na moyo. Machi 2020 shule zikafungwa nchini kwa sababu ya UVIKO-19, nami nikakaa nyumbani, bila ya ngazi za shule wala safari ya miguu hadi kituo cha teksi. Mwaka uliofuata mizani ilionyesha kilo 128 kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.63. Magoti yaliuma usiku kucha, na mume wangu alikuwa akiniamsha kwa hofu kwa sababu pumzi ilikatika usingizini.

Matabibu hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Hesabu yangu ilitoa 48. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 1991 walikuwa wameafikiana kwamba mwenye 40 au zaidi, ama mwenye 35 pamoja na maradhi yaletwayo na uzito, aweza kufikiriwa kwa upasuaji. Na mwaka 2022 vyama vya wapasuaji viliteremsha kipimo hicho. Elimu yenyewe si ya jana. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, wapasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, walianza kuupunguza mfuko wa chakula wa wagonjwa wanene, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko huo kwa sababu ya vidonda walikuwa wakikonda na kubaki hivyo.

Tuliuza kiwanja tulichokuwa tumekinunua kwa ajili ya nyumba ya uzeeni, nikachukua na mkopo katika chama chetu cha akiba cha walimu. Tulimwambia kila mtu kwamba nakwenda Nairobi kumtazama dada yangu. Uongo wa kwanza ukazaliwa pale, kwenye basi la usiku kupitia Malaba.

Kupasuliwa na kupona

Kwa muda wa majuma mawili kabla ya siku yenyewe nilikunywa vitu vya majimaji tu, ili ini lipungue na kumwachia tabibu nafasi ya kufanya kazi. Siku ilipofika walinitoboa matundu matano madogo, wakapitisha kamera na vyombo vyao, wakakata zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Kwa Kiingereza upasuaji huu una jina la mkono wa shati, kwa kuwa hiyo ndiyo sura ya kilichobaki.

Nilipozinduka, maumivu makali hayakuwa tumboni bali begani. Muuguzi akanieleza kwamba hewa waliyoijaza tumboni ili waone vizuri huleta maumivu huko. Jioni ile ile alinisimamisha nitembee, damu isije ikaganda miguuni. Kisha ikaanza shule mpya ya kula. Maji niliyanywa kwa kijiko, kijiko kimoja, nikingoja. Majuma mawili ya majimaji. Kisha vyakula vilivyopondwa kama vya mtoto aliyeachishwa ziwa. Juma la nne nusu ya yai laini. Juma la sita vyakula vigumu kidogo kidogo. Sikuruhusiwa kunywa wakati wa kula. Nilipomeza posho kwa haraka ilirudi yote. Katika mwezi wa nne nywele zangu zilikatika hata nikavaa kitambaa. Vidonge vya vitamini na madini nitavimeza maisha yangu yote.

Lakini jambo lililonishangaza kuliko maumivu lilikuwa ukimya. Tangu utotoni nilikuwa na sauti ndani yangu iliyonikumbusha chakula: asubuhi kabla ya somo la kwanza, katikati ya kusahihisha madaftari, usiku. Nilidhani kila mtu anayo, na kwamba wenzangu waliishinda kwa ushujaa. Siku ya tano baada ya kupasuliwa niliamka nikiwa nimetulia. Nilikaa kitandani kwa dada yangu nikiisubiri sauti ile, haikuja. Nikalia. Nilielewa kwamba wapo watu walioishi hivi siku zote, na kwamba hao ndio walioniambia nijizuie.

Tabibu alinieleza sababu yake. Sehemu iliyoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, iliyogunduliwa na Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa mwaka 1999. Sauti niliyoidhani kuwa tabia yangu mbaya ilikuwa na makao, na makao hayo yaliwekwa ndani ya chupa na kupelekwa maabara.

Uongo na matunda yake

Tarehe 10 Januari 2022 shule zilifunguliwa tena. Niliingia katika chumba cha walimu nikiwa nimepungua kilo 19. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu mkuu akasema mbele ya wote kwamba wakati wengine walikaa nyumbani wakila, kuna aliyeutumia muda ule kwa nidhamu. Ningeweza kusema ukweli katika dakika ile. Nilitabasamu.

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, ambaye umbo lake lilifanana na langu la zamani, alinivuta pembeni akaniuliza, “Dada, umefanyaje?” Nikamjibu, “Nimejinyima tu, na kutembea.” Akanishukuru kwa moyo wote. Tangu siku ile alianza kunifuata. Nilipokula vijiko vinne vya maharagwe, naye alikula vinne. Nilipokataa chai ya saa nne, naye aliikataa. Mimi nilikuwa nimeshiba kwelikweli. Yeye alikuwa na njaa. Nilimwona akipauka nikanyamaza. Naye alikuwa akimeza vidonge vya kisukari kama ilivyo desturi yake, vidonge ambavyo huteremsha sukari ya damu hata kama mtu hakula.

Juni 2022 alianguka mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Walimchukua hospitali, sukari yake ikiwa imeshuka mno, na kwa bahati njema akapona. Nilikwenda kumtazama jioni, nikangoja jamaa zake watoke, nikamwambia kila kitu. Nilitarajia anitukane. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mwalimu, miezi yote hii nilidhani ni moyo wangu ulio mbovu.”

Sijapata kupewa hukumu iliyo kali kuliko ile. Hakulalamika kwamba nusura afe. Alilalamika kwamba nilimwacha ajidharau. Uongo wangu ulikuwa umechukua kitu kilichofanywa na kisu na kukiita moyo. Na kwa kufanya hivyo ulichukua njaa ya mwenzangu na kuiita udhaifu.

Juma lile lile nilimwendea mama. Yeye alikuwa akiniona nakonda tangu Krismasi, na hakuniuliza neno, kwa sababu kati ya mwaka 1989 na 1996 aliwazika wadogo zake wawili waliokonda namna hiyo. Aliandaa malewa ya karanga na ndizi, nikala vijiko vinne, nikaona macho yake yamejaa machozi. Nikamweleza. Alifikiri, akauliza, “Kwa hiyo wamekata mfuko nilioujaza kwa taabu?” Nikamjibu ndiyo, mama. Akasema, “Bora wamekata wao kuliko ningekuzika mimi.” Kisha akaleta bakuli dogo, lile alilomlishia mjukuu, akaniandalia upya humo.

Je, kisu ni njia ya mkato?

Sasa natoka katika kisa na kuingia katika swali. Watu wengi husema kwamba apunguaye kwa kisu amekwepa kazi. Watetezi wa upasuaji huwajibu kwa kuhesabu mateso: maumivu, kutapika, nywele, vidonge. Nami nimeyahesabu hapo juu, lakini sidhani kwamba ndiyo majibu yatoshayo. Tukijitetea kwa mateso tunakubali kimyakimya kwamba tiba huwa halali kwa kadiri inavyoumiza. Mwanafunzi asiyeona ubao tukimpa miwani, hatumdai kwanza ateseke ili astahili kuona. Kama upasuaji ungekuwa mwepesi kama kuvaa miwani, haki yake isingepungua hata chembe. Kipimo cha tiba ni kwamba yaponya au haiponyi. Utafiti ulioanza Sweden mwaka 1987, uliofuatia watu wapatao 4,000, ulionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hilo latosha.

Swali gumu zaidi ni hili: je, kiasi kilicholetwa na kisu ni kiasi? Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alitofautisha watu wawili. Wa kwanza ni mwenye kiasi, ambaye tamaa yake imekwisha patana na akili, hata hana vita. Wa pili ni mwenye kujizuia, ambaye tamaa yake huasi lakini yeye huishinda. Nilipojitazama sikujiona katika mmoja wao. Mimi sikuipatanisha tamaa yangu, wala sikuishinda. Ilinyamazishwa nikiwa usingizini.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwalimu mmoja hupokea mshahara wake wote, huona maduka na vilabu vya pombe, huku akiweka akiba kila mwezi kwa nguvu ya nafsi yake. Mwingine ameandika fomu ili akiba ikatwe kabla fedha hazijamfikia mkononi. Mwisho wa mwaka wote wawili wana fedha sawa. Je, yule wa pili ni mwekevu? Kwa maana moja, hapana. Hakushindana na chochote. Kwa maana nyingine, alitenda tendo moja la busara siku alipojua udhaifu wake akaijaza fomu. Sifa yake halali ni hiyo moja. Akisimama mkutanoni na kudai kwamba hupita mbele ya vilabu kila mwezi akivishinda, huyo ni mwongo. Na mwenzake maskini anayeshindwa kuweka akiba atajiona mpumbavu bila sababu.

Ndivyo nilivyo. Nilijaza fomu. Sina haki ya kudai ushindi wa kila mlo.

Sifa na lawama ni ndugu

Nilipokuwa mnene niliwaambia walionicheka kwamba si kosa langu. Kwamba mwili wangu unavuta chakula kwa nguvu nisiyoiweza. Nilisema kweli. Elimu ya leo inaniunga mkono. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman huko New York liligundua homoni ya leptini, ambayo hutolewa na mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo. Akiba ikipungua, ubongo huipigania. Miaka hamsini kabla yake, mwezi wa Novemba 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza uchunguzi juu ya vijana 36 waliojitolea, watu waliokataa vita kwa ajili ya imani na dhamiri zao. Hakuna awezaye kusema kwamba hawakuwa na moyo. Walipunguziwa chakula kwa majuma 24 hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Nao walianza kufikiri chakula mchana na usiku, na waliporuhusiwa kula walikula kupita kiasi na bado wakaona njaa. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Wahenga hawakusema kwamba njaa huwalegeza walio dhaifu tu.

Hapo ndipo nilipojinasa mwenyewe. Ikiwa unene wangu haukuwa uovu, basi wembamba wangu si wema. Hoja inayoondoa lawama upande mmoja huondoa sifa upande wa pili. Siwezi kusimama mlango mmoja nikaikataa lawama kwa kuwa mwili ndio uliotenda, kisha nikaenda mlango wa pili kuipokea sifa kana kwamba ni moyo uliotenda. Sifa na lawama ni ndugu wa tumbo moja. Anayemkaribisha mmoja nyumbani hana budi kumkaribisha na wa pili. Na nilipoipokea sifa isiyokuwa yangu, lawama iliyoandamana nayo haikunigusa mimi. Ilikwenda kukaa kwa mwalimu wa Jiografia.

Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kuuliza: kama tunaondoa sifa na lawama, je, hatuondoi pia wajibu? Kila mlafi atasema ni homoni, kila mvivu atasema ni damu ya ukoo. Pingamizi hili ni la haki, na nitalijibu kwa hali yangu mwenyewe. Kisu hakikumaliza kazi. Mfuko mdogo hukataa sahani ya posho, lakini haukatai soda. Vitu vitamu vya kunywa hupita kirahisi, na yeyote atakaye kuudanganya upasuaji aweza kufanya hivyo kwa chupa. Wengi hurudiwa na sehemu ya uzito wao kadiri miaka inavyopita. Mimi nilishuka hadi kilo 81, na leo nina 86. Kuimeza vitamini kila asubuhi, kutembea, kuikataa chupa, kwenda kupimwa damu: hayo yanategemea mimi, nami nitajibu kwayo. Kwa hiyo wajibu haukuondoka. Ila umepata mipaka yake ya kweli. Zamani nilitakiwa kujibu kwa ajili ya njaa yenyewe, jambo nisiloliweza, nikakata tamaa hata ya yale niliyoyaweza. Mtu hubeba vizuri mzigo ulio wake anapotuliwa usio wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silikwepi. Niliuza kiwanja ili nile kidogo, katika nchi ambayo mwaka 2022, mwaka ule ule niliokuwa nikisifiwa, watu wa Karamoja walikufa kwa njaa tena. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nililipa fedha nyingi ili nisiwe na njaa. Siwezi kulifanya jambo hili lipendeze. Naweza kusema tu kwamba maradhi yangu yalikuwa maradhi, na kwamba kuyaacha yaniue kusingemlisha mtoto yeyote wa Moroto. Lakini linaongeza hoja yangu badala ya kuipunguza. Kilichonitenganisha na mwalimu wa Jiografia hakikuwa nidhamu, kilikuwa kiwanja. Yeye hakuwa na cha kuuza. Sifa inayonunuliwa kwa kiwanja, kisha ikaitwa nguvu za moyo, ni dhuluma kwa kila asiye na kiwanja.

Darasani mwetu

Walimu wenzangu, jambo hili halikomei kwenye matumbo. Kila muhula twaandika katika ripoti za wanafunzi maneno mawili matatu yenye uzito wa maisha: hodari, mvivu, ana bidii, hana nidhamu. Mara ngapi tumemsifu kwa bidii mtoto mwenye taa na meza nyumbani, tukamlaumu kwa uvivu mtoto asomaye kwa mwanga wa jiko? Mara ngapi tumemwita mzito mtoto asiyesikia vizuri? Wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Tunaona vyombo vinavyoelea, tukavisifu. Na vilivyozama tukavilaumu, pasipo kuuliza ni nani aliyekuwa na fundi na ni nani asiyekuwa naye.

Sisemi kwamba tuache kusifu. Mtoto hukua kwa sifa kama mche ukuavyo kwa maji. Nasema tuisifu kazi tuliyoiona ikitendwa, na tuutaje msaada uliokuwapo. Hapo sifa haitamdhulumu aliyekosa msaada huo. Na yeyote aliyesaidiwa, aseme kwamba alisaidiwa. Si lazima avue nguo hadharani. Maradhi ni siri ya mwenyewe, na mtu ana haki ya kunyamaza. Lakini kunyamaza si sawa na kudanganya. Ningeweza kumjibu mwenzangu siku ile, “Dada, nilitibiwa, nenda kwa daktari kabla hujanifuata.” Maneno hayo machache yangeihifadhi siri yangu na sukari yake pia.

Mwenzangu yule hakupasuliwa, wala hana fedha za kupasuliwa. Daktari alimbadilishia dawa. Amepungua kilo sita tangu wakati ule, kwa miaka miwili, na namfahamu vya kutosha kusema kwamba kilo zake sita zina jasho kuliko 42 zangu. Hutembea pamoja kila Jumamosi asubuhi katika njia ya kwenda Wanale. Watu tukutanao nao hunitazama mimi, si yeye, wakasema, “Mwalimu, hongera, umejitahidi sana.”

Nami huwajibu, “Nilipasuliwa. Aliyejitahidi ni huyu.”